Figo Mpya na Hatua za Kwanza: Maswali ya Wasomaji

Mume wangu alipandikizwa figo, na asubuhi iliyofuata wauguzi walimtoa kitandani akiwa bado na mpira wa mkojo. Haikuwa mapema mno?

Haikuwa mapema. Upandikizaji huu unafanyika Muhimbili tangu Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2018, hivyo ndugu wengi sasa wanajionea mambo ambayo zamani yalikuwa yakitendeka India, na hili la kumwinua mgonjwa mapema ndilo linalowatisha zaidi. Mgonjwa anayelala tu huweza kugandiwa na damu katika mishipa ya miguu, na bonge hilo likapanda hadi mapafuni. Mapafu nayo yasipopanuka vizuri hukaribisha nimonia, ambayo ni hatari zaidi kwa mtu anayemeza dawa za kushusha kinga ya mwili. Aombe dawa ya maumivu kabla ya kuinuka, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda mpaka kizunguzungu kiishe, na mfuko wa mkojo ubaki chini ya usawa wa kibofu.

Nikitembea, figo haiwezi kuchomoka?

Kutembea hakuichomoi. Figo mpya kwa kawaida huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja wa nyonga, na kuunganishwa na mishipa mikubwa ya damu ya hapo na kibofu. Kinachotia mshono mashakani ni uzito. Kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo wagonjwa wengi huambiwa wasiinue zaidi ya kilo 4 au 5, ilhali ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, na mtoto wa mwaka mmoja huzidi kilo 7. Kwa maoni yangu, ndoo huponza wengi kuliko matembezi, kwa sababu hakuna anayeihesabu kuwa mazoezi.

Naweza kusujudu?

Katika siku za mwanzo uswali ukiwa umeketi kitini, kwani mgonjwa ana ruhusa hiyo. Kuinama kikamilifu hukunja pale pale penye mshono. Daktari wako wa upasuaji ndiye atakayekuambia umeshapona kiasi cha kurudi chini.

Na mpira wa miguu?

Subiri miezi, kisha umwulize daktari, maana figo iliyo mbele haikingwi na mbavu. Ndondi ziache kabisa.

Miguu haina nguvu ingawa figo inafanya kazi. Kwa nini?

Maradhi yenyewe na miezi ya kusafishwa damu hudhoofisha misuli, na predinisoloni, mojawapo ya dawa za kushusha kinga, huendelea kuipunguza. Tembea dakika chache mara kadhaa kwa siku, ukiongeza taratibu, asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa sababu dawa za kushusha kinga huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Mguu mmoja ukivimba, pumzi ikikata, homa ikifika nyuzi 38, mkojo ukipungua au sehemu ya figo ikiuma, acha mazoezi na uende hospitali siku hiyo hiyo.