Usiniombe orodha ya vitabu, niambie una tatizo gani

Tangu nichaguliwe mwenyekiti wa SACCOS yetu, yaani chama chetu cha akiba na mikopo cha kazini, ujumbe ninaoupata zaidi ni huu: "Dada, nitajie vitabu vya uongozi nami nijiendeleze." Kijana mmoja wa Dodoma aliomba kumi, tena vifupi. Nilicheka, kisha nikaona nijibu hadharani, maana mnaonisoma hapa wengi mnataka kufika mbali na hela ya vitabu haiokotwi.

Kumi sina. Nina vitatu, na vyote nilivisoma kwa swali moja lililoninyima usingizi: kiongozi aachie ngazi wakati gani?

Nilikuwa naongoza kamati ya mikopo. Likaja ombi la mkubwa mmoja wa kazini. Kwa masharti yetu mkopo hauzidi mara tatu ya akiba, na akiba ya huyu bwana ilikuwa ya kuchekesha. Wadhamini wake wote ni watu wa chini yake. Nani angethubutu kumkatalia bosi? Nikaambiwa nisaini tu, masharti yatarekebishwa baadaye. Wajumbe wenzangu wakainamisha vichwa kama hawasikii. Usiku ule nilianza kuandika barua ya kujiuzulu.

Kabla sijaimaliza nikakumbuka kitabu cha Mzee Mwinyi, *Mzee Rukhsa*, nilichokuwa nimekinunua nikakiweka kabatini. Mwanzoni mwa 1977 alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya raia waliofia mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, kwenye msako wa mauaji ya kishirikina. Hakumpiga mtu, wala hakuagiza apigwe. Aliondoka kwa sababu waliofanya walikuwa chini yake. Wengi wanarukia 1985 alipokuwa Rais na kusema, "Ona, uwajibikaji unalipa!" Huko si kusoma. Alipoandika barua ile hakuna aliyemwahidi chochote.

Baada yake nikatafuta kitabu cha maisha ya Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu yetu. Huyu alikuwa waziri wa Fedha, akaachia ngazi 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mmoja kaondoka kwa makosa ya walio chini yake, mwingine kwa kutokubaliana na aliye juu yake. Nilipowaweka pamoja nikagundua kesi yangu si ya Mwinyi wala ya Mtei. Wa chini yangu hawakukosea, na aliyenibana hatukutofautiana sera. Alitaka nivunje sheria, basi.

Cha tatu ni cha Mwalimu mwenyewe, *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*, kuhusu sakata la 1993, wabunge walipodai Tanganyika iwe na serikali yake ndani ya Muungano. Mle anawataka Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa chama wa wakati huo waondoke. Hapo ndipo nilipopata changu: kama anayekosea ndiye aondoke, kwa nini niondoke mimi? Nikakataa kusaini, nikahakikisha sababu zimeandikwa kwenye muhtasari wa kikao, nikabaki kitini.

Nilipewa jina la Profesa. Salamu zikapungua, mafunzo ya Arusha nikarukwa. Lakini mkutano mkuu ulipofika, wanachama wakataka muhtasari ule usomwe kwa sauti. Sasa Profesa ndiye mwenyekiti, na walioinamisha vichwa ndio waliowahi kunipongeza. Niliwashukuru. Sijasahau.

Kwa hiyo ndugu zangu, anzeni na tatizo, kitabu kifuate. Vile vya kukufanya tajiri kabla hujafika miaka thelathini, vinavyopangwa chini pale Posta, sivichukii, ila mwandishi wake hajawahi kukalia kikao cha mikopo. Someni waliokalia kiti. Na swali moja lipewe vitabu viwili au zaidi, kwa sababu anayeandika maisha yake anajitetea, hata akiwa mzee mwenye heshima zake.

Mimi nina daftari. Siandiki humo maneno matamu, naandika maswali: hapa alimwogopa nani? Nani aliumia? Nini amekipita haraka? Natafuta pia ukurasa unaomuuma mwandishi mwenyewe. Mzee Mkapa, kwenye kitabu chake cha 2019, aliyataja mauaji ya waandamanaji huko Pemba, Januari 2001, kuwa doa katika urais wake. Kitabu kisicho na ukurasa wa namna hiyo nakisoma kwa tahadhari. Na nanyi mnaotaka kuongoza, mjizoeze kuwa na ukurasa huo! Msisubiri kustaafu.

Cha Mwinyi kipo kwa Kiswahili, anzeni nacho. Cha Mtei nilikisoma kwa Kiingereza, na si chepesi kwa asiyependa habari za fedha. Hela ikiwa ndogo, tafuta mwenzako, mmoja anunue hiki na mwingine kile, mbadilishane, halafu mbishane. Nyumbani kwangu ubishi haujaisha: mume wangu anashikilia kwamba Mtei angebaki serikalini akabishana akiwa ndani. Mimi nasema alifanya sawa kuondoka.