Sina cheti cha uigizaji. Nimechelewa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 31, na jioni naigiza na kikundi chetu cha mtaa. Juzi nimetazama filamu ya zamani ya Kirusi ya Hamlet, isiyo na rangi, na usingizi ukaniruka. Yule mwigizaji mkuu ni nani, na alisomea wapi? Wenzangu wananiambia bila chuo sitafika popote.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo ni Innokenty Smoktunovsky. Umenigusa, maana mwaka 1985, nikiwa mwanafunzi Moscow, nilimwona kwa macho yangu akicheza Mjomba Vanya, katika tamthilia ya mwandishi Mrusi Chekhov. Nilikaa nyuma kabisa, na Kirusi changu kilikuwa bado kibichi. Alisema kwa sauti ya chini hata sote tukainamia mbele, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

Alisomea wapi? Kwenye studio ya ukumbi wa maigizo wa Krasnoyarsk, Siberia, tena kwa muda mfupi tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa wakulima, aliyezaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha Tatyanovka. Mwaka 1943 alipelekwa vitani, akapigana kwenye mapigano makubwa ya Kursk, huko Urusi, na Desemba ya mwaka huohuo Wajerumani wakamteka. Alitoroka, familia moja ya Kiukreni ikamficha nyumbani kwao, kisha akajiunga na wapiganaji wa msituni.

Ungedhani angerudi nyumbani shujaa. Lakini kwa serikali ya Stalin, askari aliyewahi kutekwa alikuwa mtu wa kushukiwa. Kwa hiyo mwaka 1946 akaenda mwenyewe kuigiza Norilsk, mji wa barafu uliojengwa na wafungwa, kwa hesabu kwamba aliyekwisha kufika huko hana pengine pabaya zaidi pa kufukuziwa. Alikaa miaka mitano, mpaka afya ikamshinda. Mwaka 1955 alifika Moscow, akabisha hodi kumbi moja baada ya nyingine, na kila moja ikamrudisha. Alikuwa na miaka 30, mwanangu. Karibu sawa na wewe.

Aliyemwona ni mwongozaji Georgy Tovstonogov wa Leningrad, naye alivutwa na macho yake katika filamu moja ya vita. Akampa nafasi ya Myshkin, mtu mpole kupita kiasi katika riwaya ya mwandishi Mrusi Dostoevsky, iliyogeuzwa kuwa mchezo wa jukwaani. Mazoezi yakawa mateso. Hakumpata Myshkin hata kidogo, akafikiria kuacha. Siku moja, kwenye ujia wa studio ya filamu uliojaa watu wanaopigana vikumbo, akamwona mtu amesimama anasoma kitabu, ametulia kana kwamba yuko peke yake. Baadaye akaambiwa mtu yule alikaa miaka mingi kwenye kambi za wafungwa. Ule utulivu ndio alioupeleka jukwaani. Onyesho la kwanza lilikuwa Desemba 31, 1957, na kuanzia usiku ule Leningrad yote ikamjua.

Hapo ndipo ninapotaka ukae. Wewe fundi unamsoma mteja kabla hujashika futi: bega lipi limeshuka, anasimamaje. Hiyo ni kazi ileile aliyoifanya pale ujiani. Chuo ukikipata, nenda, mimi sikikatai. Ila usingoje chuo ndipo uanze kutazama watu.

Hamlet ilitoka mwaka 1964, yeye akiwa na miaka 39. Warusi wengi humkumbuka zaidi kwa filamu ya 1966, ambamo ni wakala wa bima anayeiba magari ya wala rushwa na kupeleka pesa kwenye nyumba za watoto yatima. Ni nzuri sana, lakini mimi nabaki na Hamlet. Alifariki Agosti 1994.

Itazame tena. Ukifika pale Hamlet anapowataka wale rafiki zake wa uongo wapige filimbi, zima sauti, umtazame macho tu. Kisha niandikie umeona nini.