Mpasuko Nao Uandikwe: Maneno kwa Wajiolojia Wapya

Msimu huu nimepitia kumbukumbu za mashimo ya kuchoronga zilizojazwa na wajiolojia wetu wapya, na karibu katika kila mradi nimekuta maneno yale yale: "Mwamba umevunjikavunjika, hakuna la kuandika." Wadogo zangu, la kuandika lipo, na mara nyingi hilo ndilo lililotupeleka huko porini. Nawaandikia kwa sababu nawapenda, na pia kwa sababu uvumilivu wangu juu ya sentensi hiyo umekwisha.

1. Isomeni nchi kabla ya kuisoma leseni. Kiini cha kale cha ardhi ya Tanzania, kinachoanzia Dodoma na kufika Ziwa Victoria, kina miamba yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na ndani yake imo mikanda ya mawe ya kijani, yaani safu ndefu za miamba ya kale iliyotokana zaidi na volkano, ya Geita na Mara iliyobeba dhahabu. Mashariki yake upo Mkanda wa Msumbiji, ambao miamba yake ilikandamizwa na kupikwa upya, na ambao pale Mererani umetupatia tanzanaiti tangu 1967. Pwani yanafuata mashapo (tabaka za mchanga na tope zilizotua) machanga zaidi, yaliyohifadhi gesi ya Songo Songo iliyogunduliwa 1974. Mnayajua haya tangu chuoni. Ninachoomba ni kwamba muitazame ramani hiyo hiyo kwa jicho la mipasuko, yaani nyufa ambazo miamba ya pande zake imesogea: maji moto yenye dhahabu yalipanda kupitia mipasuko, na makaa ya mawe ya Ngaka, mkoani Ruvuma, yamesalia hadi leo kwa kuwa mabonde ya Karoo, yale ya kale yaliyojaa mashapo, yalididimia kando ya mipasuko, yakayakinga yasimomonyoke. Anayeruka mpasuko katika kumbukumbu zake ameruka sababu ya madini kuwepo.

2. Sampuli iliyosagika ni sampuli. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili nililifanya mwenyewe nikiwa mgeni kama ninyi, katika mradi mmoja wa dhahabu Kanda ya Ziwa. Sanduku la sampuli za shimo lilifika likiwa na vipande vizuri vya mwamba mgumu, kisha udongo laini wa kijivu uliochanganyika na vipande vilivyopondeka, kisha mwamba mgumu tena. Nikaamua kwamba mashine ndiyo iliyoponda, nikaandika "sampuli imepotea", nikaendelea na sehemu iliyonivutia. Mchorongaji wa zamu alikuwa ameniambia asubuhi ile ile kwamba maji yalimpotea shimoni katika kina hicho na kwamba mashine ilishuka ghafla kana kwamba hapakuwa na kitu cha kukata. Yalikuwa yameandikwa hata katika taarifa yake ya zamu. Sikumsikiliza, kwa kuwa nilikuwa na shahada na yeye hakuwa nayo, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko kosa lenyewe.

Kwenye ramani niliunganisha mshipa wa dhahabu kwa mstari ulionyooka, na mashimo yaliyofuata yakapangwa juu ya mstari wangu. Yote yalitoka matupu. Fedha za msimu zikaisha, uchorongaji ukasimamishwa, na vijana wa kijiji waliokuwa wakibeba masanduku wakapoteza kibarua. Mjiolojia mkongwe wa mradi alipokuja, hakuuliza swali hata moja kuhusu ramani. Aliomba masanduku, akauosha udongo ule wa kijivu taratibu kwa maji, akanionyesha kipande chenye uso uliong'arishwa na mikwaruzo iliyoelekea upande mmoja. Miamba miwili ilikuwa imesuguana hapo. Mpasuko ulikuwa umeukata mshipa na kuusogeza kando, nasi tulikuwa tunachoronga mahali ulipopaswa kuwa kama dunia isingesogea. Aliniambia niandike upya kumbukumbu za shimo zima, nami niliandika huku mikono ikitetemeka kwa aibu.

Kwa hiyo andikeni kina ulipoanza udongo na kina ulipoishia, rangi yake, aina ya vipande vilivyomo, mwelekeo wa mikwaruzo, na alichosema mchorongaji. Tafsiri yenu iwekeni safu nyingine, mbali na mlichokiona.

3. Andikeni lebo za masanduku kabla hayajaondoka kwenye mashine. Shikeni dira mbali na nyundo na gari. Pimeni mwinamo wa mwamba kabla ya kuuvunja, na msishuke katika duara (shimo) la mchimbaji mdogo ambalo matimba yake, yaani magogo yanayozuia kuta, hamjayakagua, hata kama mwenyewe anawahakikishia kuwa ni salama.

4. Tofautisheni mpasuko wa kale na ulio hai. Baadhi yenu mmeanza kuchora kila mpasuko wa Geita kwa wino mwekundu kana kwamba utatikisika kesho. Mwingi ni wa kale mno na umetulia. Unaweza kuvujisha maji chini ya bwawa la mabaki ya mgodi, nalo ni jambo zito, lakini si tetemeko. Mpasuko ulio hai hujulikana kwa kukata mashapo machanga, kwa kuta za ardhi ambazo mvua haijazilainisha, kwa mito iliyopindishwa ghafla, na wakati mwingine kwa chemchemi za maji moto. Nendeni Rukwa mkauone. Tetemeko la Desemba 13, 1910 katika eneo hilo, lenye ukubwa wa takriban 7.4, ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa Afrika, na katika bonde hilo hilo leo tunatafuta gesi ya heliamu inayopanda kupitia mipasuko. Kijana anayepewa kazi ya heliamu huko, halafu akaandika ripoti isiyotaja mwaka 1910, hajamaliza kazi yake.

Tena msidhani kwamba hatari imefungiwa ndani ya Bonde la Ufa. Julai 2007 ardhi ya Mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron, ilitikisika mfululizo wakati magma (mwamba ulioyeyuka) ikipenya chini kwa chini, na Ol Doinyo Lengai ikalipuka baadaye mwaka huo, hayo tuliyatarajia, kwani ni ndani ya Bonde la Ufa. Lakini Septemba 10, 2016 ilikuwa zamu ya Kagera, kwa ukubwa wa 5.9, na watu wakafa chini ya kuta za nyumba zao. Na Agosti 12, 2020 wakazi wa Dar es Salaam walikimbilia nje usiku kwa tetemeko lililotokea upande wa pwani.

5. Ardhi ikitikisika mkiwa kambini, wanakijiji watawauliza ninyi, hata kama mlikuja kutafuta nikeli. Msitabiri siku ya tetemeko jingine, kwa sababu hakuna anayeijua. Waambieni kwamba mitikisiko midogo huweza kufuata, kwamba nyumba yenye kona zilizoachana isilaliwe, na kwamba anayejenga upya kwa matofali aweke lenta inayozunguka nyumba nzima. Kisha pitieni kaya kwa kaya, mkaandike saa, mahali, vitu vilivyoanguka na upande vilikoangukia, na nakala ya maelezo hayo ifike Dodoma, kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, kabla ya ripoti yenu ya mwezi.