Maswali na majibu: Mshtuko kwenye sumaku ya nyota za neutroni

Nyota ya neutroni ina sumaku kali kiasi gani? (Msomaji, Tanga)

Nyota ya neutroni ni kiini kilichosongamana mno, kinachobaki nyota kubwa ikilipuka. Sumaku ya Dunia, ile inayogeuza sindano ya dira, ni kama nusu gausi (kipimo cha ukali wa sumaku). Magneta, yaani nyota za neutroni zenye sumaku kali kupita zote, hufikia gausi trilioni 100 na zaidi. Na tufe lenyewe lina upana wa kilomita 25 hivi tu.

Kuizunguka nyota hiyo si patupu? Mshtuko unatoka wapi? (Mwanafunzi, Kisumu)

Umeuliza kiini cha jambo. Si patupu: pana plazma nyembamba, yaani gesi ya chembe zenye chaji: elektroni na positroni (pacha wa elektroni wenye chaji chanya). Gamba la nyota likitikisika, wimbi la umeme na sumaku hukimbia nje ndani ya sumaku hiyo. Sasa shika kalamu. Umbali ukiongezeka mara mbili, ukali wa wimbi hubaki nusu, lakini sumaku ya nyota hubaki sehemu moja ya nane. Ongeza mara mbili tena: wimbi robo, sumaku sehemu moja ya 64. Wimbi lililoanza dogo kabisa linaifikia sumaku iliyolibeba! Likifika nusu yake huku limeelekea kinyume nayo, umeme wa wimbi unalingana na sumaku iliyobaki. Hapo plazma hurushwa karibu na kasi ya mwanga, na wimbi husimama wima kama linavyofanya la bahari likiingia kina kifupi: huo ndio mshtuko. Andrei Beloborodov wa Chuo Kikuu cha Columbia alilieleza hili mwaka 2023.

Kompyuta inauigaje mshtuko huo? (Msomaji, Dodoma)

Nafasi hukatwa vijisanduku, humo zikamwagwa chembe, kila moja ikiwakilisha wenzake wengi mno. Umeme na sumaku husukuma chembe, mwendo wa chembe huzaa mkondo, mkondo hubadilisha sumaku, kisha inaanza upya. Ugumu ni kwamba elektroni huzunguka kwenye duara dogo mno ilhali wimbi lina urefu wa kilomita. Kwa hiyo watafiti hupunguza sumaku kwenye hesabu, halafu huipandisha hatua kwa hatua waone jibu linaelekea wapi. Mimi hutazama hatua hizo kwanza kabla ya picha zenye rangi nzuri.

Kuna kilichoonekana kweli?

Tarehe 28 Aprili 2020 magneta SGR 1935+2154 ilitoa mlipuko wa redio wa milisekunde, ukanaswa na darubini ya CHIME nchini Kanada. Mshtuko ni mmojawapo wa maelezo, ubishi unaendelea.

Sisi huku tunahusikaje? (Msomaji, Malindi)

Kwenu hasa! Satelaiti Uhuru, iliyochunguza eksirei (mionzi ya X) za angani, ilirushwa baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ndiyo iliyoona Cen X-3, nyota ya neutroni yenye nyota jirani, ikipiga eksirei kila sekunde 4.8. Pale gesi ya nyota jirani huporomoka ikifuata sumaku hadi kwenye ncha za nyota ya neutroni, na hujigonga kwa mshtuko kabla ya kutua.