Jibu: Fontevraud kwa nusu siku, uanzie wapi?

Nusu siku uliyoulizia ya kutembelea Abasia ya Fontevraud (nyumba ya kale ya watawa) inatosha, ila usikimbilie jiko lake la kale kwanza. Abasia iko kilomita 15 hivi kutoka Saumur, Ufaransa, na mabasi ni machache: hakikisha saa ya kurudi kabla hujakata tiketi.

Anzia kanisani kabla makundi hayajajaa. Kuna sanamu nne za makaburi ya kifalme zimelala: Henry II, mfalme wa Uingereza, mkewe Eleanor wa Aquitaine, mwana wao Mfalme Richard I, na Isabella wa Angoulême, mke wa mwana wao mwingine, Mfalme John. Inama uziangalie kwa karibu. Tatu ni za jiwe, ya Isabella ni ya mbao. Eleanor ameshika kitabu kilichofunguliwa, na mabaki ya rangi bado yapo. Mifupa usiitafute, makaburi yalivurugwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa.

Ukiona kumbi tupu usidhani umedanganywa. Nyumba hii ilianzishwa 1101, masista na watawa wa kiume wote chini ya mama mkuu (enzi zile!), lakini Napoleon aliigeuza gereza mwaka 1804, na ikabaki hivyo hadi 1963.

Jikoni tazama paa la mawe yaliyopangwa kama magamba ya samaki. Zile dohani ndefu zimetokana na ukarabati wa baadaye, si za karne ya 12.

Beba sweta hata kiangazi. Ndani kuna baridi.