Kabla Hujauvuta Mpira wa Gesi ya Kuzimia Moto

Kijana mmoja aliyeajiriwa karibuni kwenye kituo cha jenereta ameniandikia: "Kaka, chumba chetu cha umeme kina mitungi miwili mikubwa ya gesi ya kaboni dayoksaidi ya kuzimia moto, na mpira umezungushwa kwenye gurudumu. Hakuna aliyenionyesha unatumikaje. Moto ukiwaka nifanyeje?" Swali hilo mimi niliwahi kuliuliza kikaoni, nikaambiwa niache uoga. Nikajifunza mwenyewe.

Moto wetu uliwaka zamu ya usiku. Ilitangulia harufu ya plastiki inayoungua, kisha moshi mweusi ukatoka juu ya mlango wa paneli. Nilipiga kengele, nikamwambia mwenzangu akate umeme swichi kuu, nikawatoa wengine wote. Mmoja alibaki mlangoni kwa nje, kazi yake kunitazama tu, na nikianguka aite zimamoto, asiingie. Ndipo nikafungua valvu ya mtungi na kuuburuta mpira, mlango wazi ukiwa mgongoni kwangu.

Ukibana mkono wa kufungulia, gesi hutoka kwa kishindo na mpira unaruka. Shika kishikio, kamwe usishike ile pembe nyeusi ya mbele inakotokea gesi. Kaboni dayoksaidi ikitoka hugeuka vumbi la barafu lenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, na ngozi inababuka. Nililenga shina la moto nikipeleka pembe kulia na kushoto. Moto ukazima. Baada ya muda mfupi ukawaka tena, kwa sababu gesi hii inaunyima moto hewa lakini haipoozi nyaya zilizokwisha kupata moto. Nikapuliza mara ya pili, nikatoka nje.

Msimamizi akafika, akataka kuingia aone. Nikamshika shati. Alikasirika mbele ya watu, lakini hakuingia mpaka feni zilipovuta hewa ya kutosha. Kesho yake kikaoni sifa zote zilikwenda kwake. Bado linaniuma.

Jamani, gesi hii inaua. Ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo hulala chini na kujaa kwenye mitaro ya nyaya na vyumba vya chini ya ardhi. Watu wa Goma wanaijua vizuri: ndiyo mazuku, gesi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, mbuzi akishuka hapandi tena. Ikifika asilimia 10 ya hewa unayovuta, unaweza kuzimia ndani ya dakika chache, na mifumo ya kujaza chumba kizima huifikisha asilimia 34 au zaidi. Mwezi Julai 1998, katika maabara ya nyuklia ya Idaho, Marekani, mfumo wa namna hiyo ulifunguka wakati mafundi wako kwenye kazi ya umeme. Mmoja alifariki, na hapakuwa na moto wowote.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuwa fundi mkuu kesho, usikubali kuitwa mwoga. Kata umeme. Toa watu. Mlango uwe nyuma yako. Chumba kikiwa kidogo na hakina njia ya hewa, usiingie na mpira bila kifaa cha kupumulia. Funga mlango, ita zimamoto. Moto wa magunia, mbao au karatasi zilizoshika ndani kabisa unataka maji, baada ya umeme kukatwa. Gesi itazima juu tu. Na ukishazima, narudia, toka nje.

Mdogo wangu, kesho ukifika kazini anzia kwenye mitungi yenyewe. Mitungi ya gesi hii kwa kawaida haina geji ya kukuonyesha kama imejaa, inapimwa kwa mizani. Soma uzito uliogongwa kwenye shingo ya mtungi, kisha ulizia daftari la vipimo. Gesi ikiwa imepungua zaidi ya asilimia 10, mtungi upelekwe kujazwa. Na kama hakuna daftari, andika barua kwa msimamizi na ubaki na nakala yenye sahihi yake.