Babu Hakupita Ellis Island

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma. Umepekua orodha za Ellis Island, kile kituo cha New York cha kupokea wahamiaji wa Marekani, wiki nzima, babu wa babu yako upande wa marehemu baba yako humwoni, na rafiki zako wanakwambia huenda maofisa wa pale walimbadilisha jina.

Hawakumbadilisha, hakupita pale. Ellis Island ilifunguliwa Januari 1892, na wakati huo yeye alikuwa keshachakaa kwenye migodi ya shaba ya Michigan. Kabla yake, tangu 1855 hadi 1890, wageni wa New York walipokelewa Castle Garden. Na hata Ellis Island makarani walifuata majina yaliyokuja na orodha ya meli.

Ila usikimbilie orodha za meli. Jina lake huko kwao Cornwall, Uingereza, ni kama Juma wa Kariakoo: utawapata kumi, na wako hutamjua. Wengi walihama baada ya bei ya shaba kuporomoka mwaka 1866 na migodi yao kufungwa. Anza na sensa ya Marekani ya 1900, maana iliuliza kila mgeni aliingia nchini mwaka gani. Yeye alijibu 1875. Pembeni karani kaandika "Pa", yaani ana karatasi za kwanza za uraia tu, zile za kutangaza nia. Miaka 25, na za pili hajazifuata! Nilicheka peke yangu. Baba yako naye fomu ya bima ya gari ilimkalia drooni hadi ikageuka rangi.

Sensa ya 1890 isikupotezee muda, karibu yote ilipotea baada ya moto wa Washington wa 1921.

Karatasi zenyewe ndizo zilizonitoa jasho. Kabla ya 1906 mtu aliweza kuombea uraia mahakama yoyote iliyokuwa na mamlaka hayo, nami niliganda kwenye kaunti aliyoishi, kumbe alikwenda ya jirani. Katika karatasi hizo za kwanza anaapa kwamba ana nia ya kuukana utii wake kwa Malkia Victoria. Mahali pa sahihi kaweka alama ya X tu, na karani kaliandika jina la ukoo likiwa na herufi moja pungufu. Hakujua kuandika, mwanangu. Kila karani aliandika alichosikia.

Kwa hiyo mtafute kwa tahajia zote tatu. Nimekuandikia nyuma ya picha ya karatasi hiyo. Ile X nimeipiga picha karibu kabisa, utaona wino ulivyomchuruzika.

Mama yako